Samaki na Muziki wa Mara: Bidhaa Zinazouzwa Ugenini

Abiria atokaye Mwanza kwa barabara kuu iendayo Sirari hupita Magu, akapita Lamadi, kisha akaliona upande wa kulia lango la Ndabaka, ambalo ni mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti. Waliokuja kwa ajili ya simba hukunja hapo. Wenye shughuli Kenya huendelea mbele, wakanywa chai Bunda na kushika njia ya mpakani. Nao walio wachache, aghalabu wachuuzi na watumishi wa Serikali, ndio wanaofika Makutano wakapinda kushoto kwenda Musoma, mji uliojitokeza ziwani juu ya rasi ya majabali, ambako barabara hukoma na maji huanza. Kwa kuwa mapato ya utalii hufuata miguu ya mtalii, mji huu, ambao ndio makao makuu ya Mkoa wa Mara, hupata sehemu ndogo sana ya fedha ipitayo mlangoni pake, ilhali una bidhaa mbili ambazo zimekwisha kuthibitisha thamani yake katika masoko ya mbali, nazo ni chakula cha ziwani na muziki wa nyuzi. Makala hii inakusudia kueleza jinsi tijara hizo mbili zinavyokwenda, na jinsi msafiri mwenye siku mbili au tatu za wasaa awezavyo kuzifaidi, na kuzifaidisha, pale pale zinapozaliwa.

Tuanze na samaki, maana ndiye alishaye mji. Sangara hakuwa samaki wa asili katika Ziwa Viktoria: aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala furu, ambao jinsi zao zilikuwa mamia, na baada ya miongo miwili akawa ndiye mfalme wa biashara yote, vikajengwa viwanda pembezoni mwa ziwa, Musoma ikiwamo, vya kuchuna minofu na kuigandisha kwa barafu ili isafirishwe Ulaya na kwingineko. Tangu hapo riziki ya mvuvi wa Mara imefungamana na maamuzi ya watu asiowajua. Mwaka 1999, Jumuiya ya Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hili kwa khofu ya sumu iliyosemekana kutumiwa na wavuvi wahalifu, bei ilianguka mialoni, yaani pale mitumbwi ishushapo samaki, na mitumbwi ikakaa nchi kavu, ingawa wavuvi walio wengi hawakuwa na hatia yoyote. Na hata katika siku za kheri, faida iliyo nono huwa imekwisha kuondoka pamoja na minofu, na siku hizi zaidi pamoja na mabondo, yaani kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara, ambacho hukaushwa na kupelekwa China kwa bei inayoishinda ya nyama yenyewe mara nyingi. Kinachobaki kwa mji ni ujira wa mvuvi, ushuru wa mwalo, na vichwa na mifupa, maarufu kwa jina la mapanki.

Ndiyo maana nasema kwamba samaki aliwaye Musoma na mgeni ni samaki mwenye faida ya pekee kwa wenyeji, hata akiwa mmoja tu juu ya sinia: bei yake hugawanywa papo hapo baina ya mvuvi, mchuuzi, muuza mkaa, muuza ndimu na mpishi, wala haimtajirishi mtu aliye ng'ambo.

Atakaye kulielewa jambo hili na adamke alfajiri ateremke hadi mwalo wa Mwigobero, katikati ya mji, au ule wa Makoko, mitumbwi ikirejea. Asiende siku yoyote tu kwa bahati nasibu, bali atazame kwanza mbingu usiku, kwa kuwa biashara ya dagaa huongozwa na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za umeme wa jua, nazo taa hazina nguvu ya kuwavuta kama mwezi umejaa. Kwa hiyo wavuvi huugawa mwezi mzima baina ya giza na mbalamwezi, wakaingia majini kwa wingi wakati wa giza, na mbalamwezi ikitimia wakashona nyavu na kupumzika. Katika giza mwalo hujaa watu, dagaa humwagwa mchangani na juu ya vichanja kukaushwa, na bei hushuka. Katika mbalamwezi bei hupanda, na wanawake wenye akiba ya magunia, ambao naona ndio mabenki ya kweli ya mji huu, huyatoa sokoni kidogo kidogo. Dagaa hao husafiri hadi Kongo. Mgeni akitaka kununua wa kuchukua nyumbani, na achague wale waliokaushwa juu ya chanja au turubai, akiwatambua kwa rangi ya fedha ing'aayo na kwa kutokuwa na mchanga, na asione haya kuonja mmoja kabla ya kulipa, maana hiyo ndiyo desturi.

Kuhusu kupiga picha, aombe ruhusa kwanza. Watu wa mwaloni wamepigwa picha mara nyingi na wageni wasiosema hata shikamoo, nao wana haki ya kukasirika.

Kutoka hapo bodaboda humfikisha msafiri Buhare, kata iliyo nje kidogo ya kitovu cha Manispaa, ambayo hujulikana nchini kote kwa sababu ya Chuo cha Maendeleo ya Jamii, ambamo hufundishwa maofisa watakaotumwa wilayani na vijijini. Mahali palipo na chuo hapakosi mama lishe, na penye mama lishe wengi hapakosi ushindani, na ushindani ndio unaomfaa mlaji. Mwanafunzi aliyetoka Mtwara au Kigoma hana fedha ya kuchezea, wala hana subira na ugali mbichi. Mpishi asiyemridhisha leo humkosa kesho. Kwa hiyo anayetafuta chakula chema kwa bei ya haki na aende walipo wanafunzi na mafundi saa saba mchana, asingoje orodha ya vyakula iliyochapwa.

Nimtazamapo mpishi wa namna hiyo kazini naona ustadi ambao vyuo vya hoteli vingefaa kuusomea. Sato humchukua angali na utelezi, akampaa magamba kwa kisu butu kuanzia mkiani, akamtoa matumbo na matamvua, kisha akamtia chale tatu au nne za mshazari kila ubavu, si kwa pambo, bali ili chumvi na ndimu zifike mfupani na moto upenye nyama nene bila kuunguza ngozi. Humwacha ajikaushe maji kwanza, kwa kuwa samaki mwenye maji huyafanya mafuta yaruke na ngozi igande karaini. Akiisha kukaangika pande zote mbili, hurudishwa katika rojo la nyanya na vitunguu kwa dakika chache tu, asije akapoteza ule ukavu wa ngozi. Kando yake huwekwa ugali, nao mgeni afahamu kwamba ugali wa huku si lazima uwe mweupe wa mahindi: omba wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, mzito, wa rangi ya kahawia, ambao hushika mchuzi vizuri zaidi na humweka mtu hadi jioni. Mwenye kupenda kujifunza aulize pia kama kuna ningu, kambare au kamongo, samaki wa zamani wa ziwa hili, ambao hawaendi Ulaya, na kwa sababu hiyo huandikwa kidogo sana katika magazeti. Na akiletewa sangara mchanga, asiyefikia sentimita 50, au sato aliye chini ya 25, akatae kwa upole, maana sheria imekataza kuwavua, na mlaji naye yumo katika mnyororo wa kuliangamiza ziwa.

Jioni ni zamu ya nyama. Wafugaji wa Mara, hasa Wakurya wa Tarime na Serengeti, hawakubali nyama iliyofichwa katika viungo vingi. Mbuzi huchomwa kwa chumvi, akakatwa juu ya ubao mbele ya mteja na kuliwa kwa kachumbari na pilipili. Mteja huagiza kwa kilo. Aiagize mapema, akae aongee.

Na hapo, baina ya moshi na mazungumzo, ndipo swali la muziki linapoingia. Sauti itokayo katika spika za baa za Musoma aghalabu ni ya Dar es Salaam, ya Kinshasa au ya Kisumu, wala siilaumu. Lakini ni ajabu ya uchumi kwamba ile ya Kisumu, benga, mmojawapo wa mizizi yake umo katika ardhi hii. Daniel Owino Misiani, aliyeitwa na wengi mfalme wa benga, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, ambako leo ni Wilaya ya Rorya. Akavuka mpaka, akaunda bendi yake Kenya katika miaka ya 1960, akaipa jina la Shirati, akarekodi huko, akatiwa mbaroni huko mara kadhaa kwa sababu ya ujasiri wa mashairi yake, na akafa huko kwa ajali ya gari mwaka 2006. Jina la kijiji chetu lilichapishwa juu ya sahani za santuri zilizouzwa hata Ulaya, ilhali mitambo ya kurekodi, maduka na mapato yalikuwa upande wa pili. Msanii naye alisafirishwa ghafi, kwa njia ile ile ya minofu.

Asili ya benga ni mkono wa nyatiti uliohamishiwa katika gitaa, na atakayeisikia nyatiti yenyewe ataelewa mara moja. Ni kinanda cha nyuzi nane cha Waluo. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, ala ikiwa imelazwa mbele yake, vidole vya mikono miwili vikipokezana nyuzi, na wakati huo huo amevaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, ambayo huigonga katika mti wa ala ili kushika mwendo, na njuga mguuni zikijaza pengo, hata mtu mmoja akawa bendi kamili. Wakurya wana litungu lao, lenye bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi na sauti nzito inayovuma kifuani kabla ya kufika masikioni.

Sasa, mabingwa hawa hulipwaje? Hawauzi tiketi. Hualikwa katika arusi, matanga na sherehe za ukoo, wakapewa nauli, chakula na posho iliyokubaliwa kwa mdomo, na sehemu kubwa ya kipato hutokana na kutunzwa: mgeni aliyetajwa kwa sifa katika wimbo huinuka, akacheza kidogo, akaiweka noti juu ya ala au kwenye paji la uso la mwimbaji. Ni soko lenye adabu yake, lakini ni soko lisilo na uhakika, linalonona baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, na kukonda wakati wa masika. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, inamfaa aliyerekodi na kusajili. Mzee wa litungu ambaye nyimbo zake hurushwa kutoka simu hadi simu bado haoni hata senti.

Msafiri atakayesikiliza muziki huo na afuate mambo haya. Afike Ijumaa. Amwulize mwenye nyumba ya wageni, dereva wa bajaji na mama lishe, kwa kuwa wao ndio wenye khabari za sherehe za Jumamosi, na kupitia kwao aombe kualikwa, apeleke zawadi, asiingie kwa kuvizia. Au amwite mpigaji kwa faragha, wapatane bei mbele ya mtu mzima mwenye kuaminika, naye alipe kamili na kutunza juu yake. Kwa hiyo awe na noti ndogo ndogo. Akitaka kurekodi, ailipie ruhusa hiyo pekee. Lakini asizifuate ngoma za msimu wa tohara huko Tarime mwishoni mwa mwaka kwa tamaa ya kuona yasiyoonwa: kuwakeketa wasichana ni jinai katika sheria yetu tangu mwaka 1998, na kuna mabinti wanaoyakimbia makwao majira hayo ili kujiokoa. Hilo si tamasha.

Jumapili na iwe ya Butiama, ambako Mwalimu Nyerere alizaliwa mwaka 1922 na ndiko alikozikwa, Mwitongo, karibu na Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999. Mwalimu huyo huyo, alipounda Wizara ya Utamaduni mwaka 1962, alisikitika Bungeni kwamba wasomi wetu walikuwa hodari wa dansi za Kizungu na hawazijui ngoma za kwao. Naona uchungu wake ulikuwa na upande wa biashara pia, ingawa hakuutaja: kisichojulikana na wenyewe hakiwezi kuuzwa kwa wageni.

Mifano ya kufanikiwa haiko mbali. Zanzibar, tangu mwaka 2004, tamasha la Sauti za Busara limeufanya mwezi wa Februari kuwa wa neema kwa Mji Mkongwe, kwa kuwa msikilizaji aliyeketi Ngome Kongwe hutembea hatua chache tu akafika Forodhani kula, naye hulala hapo hapo. Bujora, karibu na Mwanza, sikukuu ya Bulabo huyakutanisha makundi mawili, Bagika na Bagalu, kila mwaka kushindana kwa ngoma, na wachuuzi wa chakula huijua tarehe kuliko wapiga ngoma wenyewe. Siri ya mahali hapo pawili ni kwamba siku inafahamika kabla, na sahani iko karibu na ngoma.

Kwa msafiri wa leo, yaliyobaki ni machache. Basi kutoka Mwanza ni la nusu siku, nalo hushusha abiria katika stendi yenye bajaji za kutosha. Asioge ziwani hata maji yakimvutia, kwa sababu ya kichocho, na mahali pengine mamba, na usiku atumie chandarua kwa sababu ya mbu. Mnamo tarehe 14 Oktoba, kumbukumbu ya Mwalimu, vyumba huwa adimu, aagize mapema. Na kwa wenye hoteli na maofisa wa biashara wa Manispaa nina ombi moja lisilogharimu zaidi ya ubao na chaki: kila Alhamisi waandikiwe abiria, pale stendi, majina ya wapigaji watakaokuwapo mwisho wa juma, mahali watakapopiga, saa, na posho waliyoikubali wenyewe.