Babati Isijengwe Mara Mbili

Msomaji wetu wa Unguja au wa Pemba ana haki ya kuuliza: Babati inatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Ni mji wa bara, mbali na bahari, pale ambapo barabara kuu itokayo Arusha hugawanyika, moja ikashika njia ya Dodoma na nyingine njia ya Singida. Wengi wetu tumeusikia kwa mbaazi zake tu, zao ambalo wakulima wa huko hulilima kwa kuuza nchi za nje, na sisi huku hulila kwa nazi na maandazi asubuhi. Tunaandika juu ya Babati kwa kuwa mji huo unasimama leo mahali ambapo Ng'ambo yetu ilikwisha kupita, na kwa kuwa wale watakaoamua namna ya kuujenga wamo miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu.

Hadi mwaka 1985 Babati ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Hanang. Mwaka huo ikawa wilaya, na mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, mji huo mdogo wa njia panda ukageuka kuwa makao makuu ya mkoa. Tangu hapo haukupumzika. Maofisa walikuja na familia zao, shule na hospitali zikafuata, na wafanyabiashara nao, kama ilivyo desturi yao, hawakuwa wa mwisho kufika. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta halmashauri ya mji ikiwa na watu 93,108. Mkoa mzima ulikuwa na watu 1,425,131 mwaka huo, na sensa ya 2022 ikahesabu 1,892,502. Barabara ya lami ya kutoka Dodoma, yenye kilomita 251, ilifunguliwa rasmi mwezi Aprili 2018, na Babati ilikuwa miongoni mwa miji 18 iliyoingizwa katika mpango wa kuimarisha serikali za mitaa za mijini kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lami ikifika, bei ya ardhi hupanda, na bei ya ardhi ikipanda, shamba la mahindi huanza kuitwa viwanja.

Hapo ndipo shida ya miji yetu inapoanzia. Mwenye shamba pembezoni mwa mji hukata vipande akauza kimoja kimoja, mnunuzi na muuzaji huandikiana karatasi mbele ya kiongozi wa mtaa na mashahidi wawili watatu, na nyumba huinuka kabla mpima hajaonekana. Si wahalifu hao. Wanataka mahali pa kulala, na foleni ya viwanja vilivyopimwa ni ndefu kuliko subira ya mtu mwenye watoto. Lakini barabara haikuachiwa nafasi, mfereji wa maji ya mvua hauna pa kupita, na siku Serikali itakapokuja na mabomba ya maji safi itabidi ibomoe ili ipitishe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika habari ya miji, gharama ya ukuta huo hulipwa na wale ambao nyumba zao zimo katika njia ya bomba.

Babati ina sababu yake mahsusi ya kufanya haraka, nayo ni ziwa. Ziwa Babati limekaa ubavuni mwa mji, maridadi kwa macho, lenye samaki na viboko. Kwa kawaida halina mto unaolitoa maji. Likijaa kupita kiasi hufurika. Lilifurika mwaka 1964, likafurika 1979, na likafurika tena 1990, likaingia mjini na kuwaacha watu bila makazi. Mtu aliyehamia Babati baada ya 2002 hakuyaona hayo, wala muuza kiwanja hana haja ya kumsimulia. Mwezi Desemba 2023 mkoa huohuo ulipatwa na msiba mwingine, pale tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh na kuua makumi ya watu. Serikali ililazimika kuwajengea waathirika makazi mapya mahali pengine. Tunaipongeza kwa hilo, ila tunakumbusha kwamba mstari wa kuonya uliochorwa mapema kando ya maji au chini ya mlima haugharimu hata sehemu ndogo ya nyumba hizo.

Sasa tuitazame Ng'ambo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ya Marehemu Mzee Abeid Amani Karume ilikusudia kuwatoa wananchi katika vibanda vya miti na udongo na kuwatia katika nyumba za kisasa. Wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki walisaidia, majumba ya kwanza yakasimama Kikwajuni na Kilimani, na mwaka 1968 mpango mkuu wa mji ulichorwa na Hubert Scholz. Kisha yakaja majumba ya Michenzani, mengine yenye urefu wa takriban mita 300, yaliyopangwa kwa njia kuu mbili zinazokutana. Watu wa kila cheo walikwenda kujitolea nguvu zao katika ujenzi huo, na wazee wangali wanalisimulia jambo hilo kwa fahari. Wala hayakubaki mjini tu: Makunduchi, Bambi, Wete, Chake Chake na Mkoani nako yalijengwa. Nia ilikuwa Ng'ambo yote igeuzwe. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, kazi ikaendelea kwa mwendo wa pole, na sehemu kubwa ya Ng'ambo ya zamani haikuguswa kamwe.

Hatuwezi kukubaliana na wale wanaoyadharau majumba hayo kwa kuyatazama kutoka nje. Aliyebomolewa kibanda chake alipata nyumba ya saruji, yenye choo ndani na umeme, na kwa maskini wa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Lakini hatuwezi pia kunyamazia yale ambayo wakaaji wenyewe wameyaeleza miaka hii yote. Mzee wa ghorofa ya juu hupanda ngazi kwa miguu. Maji yakikosa nguvu ya kupanda, ndoo hupandishwa kwa mkono, na anayezipandisha aghalabu ni mwanamke. Baraza ya mbele ya nyumba, ambapo jirani hukaa na jirani, kahawa ikanywewa na ugomvi ukamalizwa, haikuwamo katika mchoro. Na kwa miaka mingi swali la nani atengeneze paa linalovuja, anayekaa chini yake, jumba zima, au Serikali, lilibaki bila jibu lililo wazi. Si ajabu kwamba mipango mipya ya Ng'ambo imeanza kwa kuwauliza wakaaji wanautaka mji wa namna gani. Tungependa swali hilo liulizwe Babati pia, na mapema.

Upande wa bara nako kuna ya kusoma. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilianza kwa kubomoa nyumba mbovu za Dar es Salaam na kujenga mpya mahali palepale. Mwishoni mwa miaka ya sitini ilionekana kwamba fedha nyingi zilitumika na idadi ya nyumba haikuongezeka kwa kiasi hicho, kwani kila nyumba mpya ilikuwa imekalia kaburi la nyumba ya zamani. Tangu mwaka 1972 sera ikageuka: wananchi wapewe viwanja vilivyopimwa, vyenye barabara na maji, wajenge wenyewe kadiri ya uwezo wao. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ni matunda ya sera hiyo, na Manzese iliboreshwa bila kufutwa. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia iifaayo Babati, mji ambao bado una ardhi. Nyumba za Shirika zilizojengwa Mrara ni msaada mzuri kwa mwenye mshahara, ila muuza ndizi wa sokoni hawezi kuzinunua, naye pia ni mtu wa mji.

Yako maeneo ya katikati ya mji ambayo hayataepuka kubomolewa. Kwa hayo tunawaomba wahusika wayakumbuke mambo ya Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa pale mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili pajengwe majumba mapya, zikatawanyika kupanga huku na kule, na majumba hayo yakazinduliwa mwezi Machi 2022. Wakaaji walirudi, na hilo ni la kushukuriwa, lakini baina ya kuondoka na kurudi ilipita miaka kumi hivi. Mtoto aliyekuwa anaanza darasa la kwanza siku ya kuondoka alikuwa amekwisha kuwa kijana. Walirudi kwa sababu walijulikana kwa majina na kwa hesabu, na hawakuacha kudai.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe bila kucheleweshwa. Izingatie bei ya soko, usumbufu, usafiri na pango la muda. Maneno hayo yanamkinga mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja aghalabu hana jina katika daftari la mthamini, na katika miji yetu wapangaji ni wengi kuliko inavyodhaniwa maofisini. Nyumba moja ya vyumba sita inayobomolewa yaweza kuwa na mlipwaji mmoja na jamaa tano zisizolipwa chochote, ambazo jioni ileile zitakwenda kutafuta chumba pembezoni, katika shamba lile lililokatwa vipande bila mpima, labda kando ya ziwa.

Kwa hiyo ombi letu kwa halmashauri ya mji, kwa Wizara inayohusika na ardhi, na kwa yeyote atakayekabidhiwa fedha za kuijenga Babati upya, si kubwa. Kabla ya mtaa wowote kuguswa, ihesabiwe kila jamaa, mwenye nyumba na mpangaji. Kila mmoja aandikwe atahamia wapi, kwa muda gani, na kama atarudi atalipa nini. Orodha hiyo isifungiwe kabatini. Ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kata, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, ikae pale mwezi mzima ili aliyesahauliwa aseme, na tingatinga lisiwashwe mpaka mwezi huo uishe.