Shaba na Samaki: Funzo Kutoka Maziwa ya Lualaba



Sisi wa Kolwezi tunaijua Lualaba kwenye bwawa la Nzilo. Ni wachache waliofuata mto huo hadi nchi tambarare, kule unakopita baada ya Bukama katikati ya maziwa na vinamasi vya Kisale na Upemba. Ni nchi ya Waluba wavuvi. Tunaieleza hapa kwa sababu familia nyingi zilizokimbia vita zimepita kule, na viongozi huulizwa kila mara: mwenye ziwa ni nani?

Watu wa maji

Huko mtumbwi ndio njia ya kwenda sokoni, shambani na kwenye kilio. Wavuvi wengine hujenga vibanda juu ya mafunjo yanayoelea ziwani. Samaki wakisha kukaushwa, husafirishwa hadi miji ya migodi. Reli ilipofika Bukama mwaka 1918, wasafiri walishuka treni wakaendelea kwa meli hadi Kongolo.

Makaburi ya Sanga

Kando ya Ziwa Kisale, wataalamu walianza kuchimbua makaburi ya kale mwaka 1957. Walikuta vyungu, vifaa vya chuma na mapambo ya shaba. Baadhi ya makaburi yana miaka zaidi ya 1,000. Katika yale ya baadaye mlikuwa na misalaba midogo ya shaba, ambayo wataalamu wanasema ilitumika kama pesa. Lakini maziwani hakuna mgodi wa shaba. Shaba ilitoka kusini, upande wetu.

Makaburi hayo si hati ya ardhi mkononi mwa kabila moja. Yanatuonyesha kwamba tangu zamani mvuvi alimhitaji mfua shaba, na shaba ilisafiri mbali kwa sababu watu walipokeana.

Inatuhusu nini?

Mwaka 1993, hapa Kolwezi, majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa kuitwa wageni. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, familia zilizokimbia mapigano ya jeshi na Mai-Mai zilifika Ziwa Upemba. Nyingine zilijificha juu ya visiwa vya mafunjo. Anayeitwa mwenyeji leo anaweza kuwa mkimbizi kesho.

Tunashauri haya:

1. Ukifika, jitambulishe kwanza kwa chifu na kwa wazee wa wavuvi, kabla ya kutupa wavu.

2. Uliza mahali samaki wanapozalia na mahali pa makaburi. Usivue wala kulima hapo.

3. Chemsha maji ya kunywa: kipindupindu hurudi mara kwa mara katika maziwa haya, nacho hakichagui kabila.

4. Viongozi, wapeni wageni nafasi katika baraza linalogawa sehemu za kuvua. Anayesikilizwa barazani hatafuti haki yake kwa panga.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.