Injini inayomisi: tafuta silinda kwanza, kipuri kinunuliwe baadaye

Gari dogo la mizigo linaloanza kutikisika kwenye foleni ya Tunduma au Namanga humweka mfanyabiashara njia panda. Akisubiri fundi, nyanya zinaharibika. Akiendelea na safari, anaweza kuharibu kifaa chenye bei kubwa kuliko faida ya safari nzima. Akimpa gari fundi anayebahatisha, atabadilishiwa plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, na ugonjwa ukabaki pale pale. Kwa gari lililovuka mpaka kuna hasara nyingine: kibali cha muda cha gari la kigeni kina siku zake, na siku za gereji zinahesabiwa humo humo.

Sehemu kubwa ya hasara hiyo huepukika iwapo dereva na fundi watafuata utaratibu mmoja: kujua kwanza ni silinda ipi haifanyi kazi, ndipo kutafuta kwa nini.

Kumisi ni nini

Injini ya petroli inahitaji mambo matatu: mchanganyiko sahihi wa hewa na mafuta, mgandamizo wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, mafuta hayaungui katika silinda hiyo. Kwenye injini ya silinda nne, silinda moja ikilala, karibu robo ya nguvu inapotea. Gari linatetemeka likiwa limesimama, linavuta kwa kusitasita, linakunywa mafuta zaidi, na mlio wa ekzosi unakuwa na pengo.

Mtikisiko pekee hautoshi kuthibitisha. Raba za kushikilia injini zikikatika, gari pia hutikisika, lakini nguvu na mlio wa ekzosi hubaki vilevile.

Taa ya injini inasema nini

Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwaka mfululizo, gari kwa kawaida linaweza kufika gereji kwa mwendo wa pole. Ikiwaka na kuzima haraka haraka, hiyo ni amri ya kupunguza mwendo na kusimama mahali salama. Maana yake, mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye ekzosi na kuunguzia yale masega ya kusafishia moshi. Masega yakiyeyuka huziba njia ya moshi, na hapo hata koili mpya haitarudisha nguvu.

Hatua za kumtafuta mgonjwa

Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 2000 hutunza namba ya hitilafu, inayosomwa kwa mashine ndogo. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, P0303 ya tatu na P0304 ya nne. P0300 ina maana kwamba hitilafu inaruka kutoka silinda moja hadi nyingine.

Tuseme imesomeka P0302 na gari lina koili juu ya kila plagi. Fundi azime injini, ahamishe koili ya silinda ya pili hadi ya tatu, afute namba, kisha gari liendeshwe. Namba ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, koili ni nzima. Zihamishwe plagi kwa njia ile ile, kisha nozeli. Jaribio hilo halihitaji kununua kipuri hata kimoja.

Kama hakuna mashine, injini izimwe, soketi ya koili moja ichomolewe, kisha injini iwashwe kwa muda mfupi. Ikitetemeka zaidi, silinda hiyo ilikuwa nzima. Isipobadilika, hiyo ndiyo iliyolala. Waya wa plagi usichomolewe kwa mkono injini ikiwaka, kwani umeme wake ni maelfu ya volti.

Plagi nayo inasema mengi. Yenye masizi makavu meusi huashiria mafuta mengi kupita kiasi. Iliyolowa petroli huashiria kukosa cheche. Iliyolowa oili huashiria ringi au sili za valvu zilizochoka. Iliyopauka kuwa nyeupe huashiria joto kali au uhaba wa mafuta.

Plagi, koili na nozeli zikiwa nzima, upimwe mgandamizo. Aidha, gari linalomisi asubuhi huku maji ya rejeta yakipungua na moshi mweupe ukitoka lichunguzwe gasketi ya silinda hedi kabla ya safari nyingine.

Zikimisi zote

Silinda zote zikisumbua pamoja, chanzo hutafutwa kwenye hewa na mafuta. Gari linalotetemeka likisimama na kutulia likiongezwa mafuta mara nyingi huvuta hewa kupitia mpira uliopasuka. Linalotulia tambarare na kumisi kwenye mpando kama Kitonga likiwa na mzigo lipimwe presha ya pampu, filta na nguvu ya cheche.

Iwapo tatizo limeanza muda mfupi baada ya kujaza tangi, petroli ishukiwe kwanza. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, hayageuki mvuke kwa urahisi, injini hugonga, na plagi huchafuka. Uchakachuaji huo ndio ulioifanya Tanzania ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na kupandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Stakabadhi ya kituo cha mafuta itunzwe mpaka mzigo ufike.

Kabla ya kuvuka mpaka

Msafirishaji anashauriwa kubeba plagi moja na koili moja za aina ya gari lake, spana ya plagi, na mashine ya kusomea hitilafu. Namba iliyosomeka iandikwe kabla ya kufutwa. Fundi wa upande wa pili akipewa namba hiyo na kuelezwa silinda ipi imelala, ataanzia kwenye ugonjwa wenyewe.