Sakafu ya Vipande: Nguvu Iko Kwenye Kiungo

Paa la tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, limegawa kazi yake kwa vitu vitatu. Nguzo zenye panda hushika mihimili minene. Juu ya mihimili hupangwa fito zilizobanana. Juu ya fito hushindiliwa udongo. Pwani nako, mafundi wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walifuata mgawanyo huo huo kwa vifaa vingine: boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, vipande vya mawe ya matumbawe vikapangwa juu yake, kisha zege la chokaa likamwagwa na kutwangwa mpaka likawa sakafu. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya majumba hayo ni virefu lakini vyembamba, aghalabu chini ya mita tatu. Nayataja haya kwa sababu sakafu ninayoitetea hapa, ile inayoundwa kwa boriti na mabamba ya zege yaliyotengenezwa mapema na kuunganishwa kwa zege la juu, hudhaniwa kuwa mtindo wa kigeni. Ukiitazama vizuri utaona ni tembe lile lile: mhimili, fito na tabaka la juu. Hoja yangu ni kwamba ukame na umbali wa Dodoma vinaifanya sakafu hii ifae huko kuliko sehemu nyingi za nchi, ila kwa sharti moja: thamani yake yote iko kwenye maungio, na asiyeyajali maungio ni heri aachane nayo.

Tuanze na njia iliyozoeleka. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta Dodoma mjini watu wapatao 410,000. Ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya 765,000. Serikali ilikuwa imetangaza kuhamia huko mwaka 2016, na ofisi zikaanza kuota katika eneo la Mtumba. Mji unaokua hivyo hupanda juu, na kila ghorofa huhitaji sakafu inayoning'inia hewani. Kwa kawaida fundi husimamisha msitu wa mirunda, akatandika mbao au mabodi juu yake, akasuka nondo, kisha zege likamwagwa kwa siku moja. Hesabu yake ni rahisi: sakafu ya mita za mraba 100 yenye unene wa sentimita 15 inakula mita za ujazo 15 za zege, yaani tani 36 hivi, na tani hizo zote hubebwa na miti mpaka zege lishike. Siku ya kuvua mbao, nyingi zimepinda au zimepasuka. Kwa hiyo mwenye nyumba hulipia sakafu mbili: moja ya mbao itakayobomolewa, nyingine ya zege itakayobaki. Mbao hizo hazioti Dodoma. Shamba kubwa la miti la Serikali, Sao Hill, liko Mufindi, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Mirunda nayo ikikatwa jirani, inakatwa katika nyanda ambazo zimekwisha kuonja adhabu ya kukosa miti. Mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, ndipo mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulipoanza kupambana na mmomonyoko uliokuwa umeitafuna Kondoa. Makao makuu yaliyopangwa mwaka huo hayapaswi kujengwa kwa njia inayorudisha jangwa lililoanza kupigwa vita mwaka huo huo.

Baada ya miti yanakuja maji. Tunazoea kusema zege limekauka, lakini zege halikauki ndipo likawa gumu. Saruji hushika kwa kuungana na maji kikemia, na maji yakitoroka kabla ya muungano huo kukamilika, zege hubaki dhaifu na lenye nyufa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha kwa miezi michache tu kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua, hewa kavu na upepo, mambo matatu yanayonyonya maji kwenye uso mpana wa zege bichi kwa kasi ya kushangaza. Kinga yake ni kumwagilia kwa siku saba au zaidi, katika mji ambao kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe na ambako maji ya boza si ya kuchezea. Boriti na mabamba, kwa upande mwingine, hutengenezwa chini, kivulini, yakafunikwa magunia mabichi au kulazwa kwenye birika ambalo maji yake hutumika tena kesho. Sisemi kwamba tatizo linakwisha. Zege la juu, lenye unene wa sentimita tano hivi, humwagwa palepale juani, na kwa wembamba wake hukauka upesi zaidi. Ila kiasi kinachohatarishwa kimepungua, na tabaka jembamba ni rahisi kulifunika kwa mchanga uliolowa.

Sasa tuone sakafu hii inavyobeba. Zege ni hodari wa kubanwa, lakini likivutwa huhimili karibu sehemu moja tu ya kumi ya nguvu hiyo. Sakafu inapokanyagwa hupinda kidogo: upande wa juu hubanwa, wa chini huvutwa. Ndiyo maana nondo huwekwa chini. Katika sakafu ya vipande, boriti ndiyo yenye nondo za chini, mabamba huziba nafasi kati ya boriti na boriti, na zege la juu ndilo linalopokea mbano. Lakini kazi hiyo hufanyika tu kama matabaka hayo yameshikana. Chukua mbao mbili za unene sawa, uzilaze moja juu ya nyingine bila kuzipigilia, kisha uzikanyage katikati: zitapinda huku zikiteleza, kila moja ikijibebea mzigo wake. Zigundishe ziwe kitu kimoja, na ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara nne, nguvu yake mara mbili, bila kuongeza hata kijiti. Sababu ni kwamba ugumu hukua kwa unene uliozidishwa wenyewe mara tatu: mbao mbili zinazoteleza ni moja na moja, mbao moja yenye unene maradufu ni nane. Katika zege, gundi hiyo ni ringi za chuma zinazochomoza juu ya boriti na uso wa boriti ulioachwa na mikwaruzo. Ringi humezwa na zege la juu, na mtelezo huzuiwa. Boriti ya sentimita 15 ikishikana barabara na tabaka la sentimita tano haibaki tena boriti ya sentimita 15.

Wengi hudhani kwamba vipande vya zege maana yake ni kreni na kiwanda. Si lazima. Kule India, taasisi ya utafiti wa majengo iliyoko Roorkee iliunda zamani mfumo wa boriti ndogo na mabamba yanayobebeka kwa mikono, kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida. Pima mwenyewe: bamba lenye urefu wa mita 1.2, upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita sita lina kilo 52 hivi, karibu sawa na mfuko wa saruji. Boriti ya sentimita 15 kwa 15 yenye urefu wa mita nne ina kilo 216, mzigo wa winchi ya mkono au wa vijana sita wanaosikilizana. Uganda, matofali ya udongo yenye matundu, maarufu kama maxpani, yamezoeleka kujaza nafasi kati ya mbavu za zege. Na msafiri wa reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, hupita juu ya mataruma ya zege yaliyotengenezwa mapema pia: nyaya za chuma zimevutwa kwanza, zege likamwagwa, na liliposhika nyaya zikaachiwa ili zilibane daima. Zege linalobeba treni si la kutiliwa shaka chini ya kitanda na kabati.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni tetemeko. Dodoma iko jirani na matawi ya Bonde la Ufa. Mteremko mkali unaotazama bonde la Bahi ni alama ya ardhi iliyovunjika na kushuka. Nchi haijasahau tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016. Na anayepinga ana ushahidi wa kutisha zaidi. Tarehe 7 Desemba 1988, tetemeko la Armenia liliua watu wapatao 25,000, na katika mji wa Leninakan majengo mengi ya fremu na sakafu za vipande yalianguka, mabamba yakashuka moja juu ya jingine. Miaka 20 kabla, tarehe 16 Mei 1968, mlipuko wa gesi katika ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, London, uliangusha kona nzima ya jengo la vipande na kuua watu wanne. Mambo hayo ni ya kweli na hayapaswi kufichwa. Lakini yasome mpaka mwisho. Huko huko Leninakan, majengo ya mabamba makubwa ya ukuta na sakafu yaliyounganishwa vizuri yalibaki wima. Ronan Point nayo, kilichoshindwa ni viungo kati ya mabamba, si mabamba. Sakafu iliyofungwa barabara ni msaada wakati wa tetemeko: hugeuka sahani moja inayoshika kuta zote ili zisiachane. Ili iwe sahani, wavu wa chuma lazima utandazwe katika zege la juu lote, nondo zake ziingie kwenye mkanda unaozunguka kuta, na boriti zikalie ukuta kwa sentimita kumi angalau. Ukiondoa hayo, unabaki na rundo la matofali marefu linalosubiri kutikiswa.

Wapo pia wanaouliza kazi ya fundi itakwenda wapi, na nani atahakikisha ubora wa vipande vya mtaani. La kwanza lina jibu karibu: matofali ya kufungamana, yaliyoenezwa na Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, hayakumfuta fundi; yalihamishia sehemu ya kazi yake uwanjani. Boriti zitafanya vivyo hivyo, zikigeuza kibarua cha siku moja ya kumwaga zege kuwa kazi ya miezi, kwa mchanga wa makorongo na kokoto za granaiti ambazo nyanda za kati zinazo tele. La pili ni gumu zaidi, lakini hapo ndipo vipande vina faida ambayo sakafu ya kumwagwa haina. Sakafu ya kumwagwa hupimwa kwa vipande vya mfano, na majibu ya siku ya 28 huja wakati jengo limekwisha kupanda. Boriti hupimwa yenyewe: huegeshwa ncha mbili, hupakiwa mifuko ya saruji, upindaji wake ukapimwa. Kipande kibovu hukataliwa kikiwa chini, kabla hakijawa juu ya kichwa cha mtu.

Nakiri kwamba sakafu hii haifai kila mahali. Chumba chenye kona nyingi, kibaraza kinachochomoza bila nguzo na sehemu ya bafu yenye mabomba mengi ni afadhali vimwagwe kwa njia ya kawaida. Nyufa nyembamba hujitokeza darini kwenye mistari ya mabamba, na hizo hutibiwa kwa lipu, hazionyeshi hatari. Vipande vikisafirishwa kutoka Dar es Salaam, faida yote huishia barabarani. Lazima vifyatuliwe Dodoma. Na jengo la ghorofa nyingi halijengwi bila hesabu za mhandisi, liwe la vipande au la kumwagwa.

Kwa hiyo wewe unayejenga Nkuhungu, Ilazo au Iyumbu, ukiletewa boriti usianze kuuliza bei. Pitisha kiganja juu ya mgongo wake. Ukikuta ni laini kama meza na hauna ringi zinazochomoza, irudishe ilikotoka, hata kama zege lake ni gumu kama jabali.