Mkono Mmoja, Majira Manne

Fundi anayepoteza mkono hupoteza zaidi ya kiungo cha mwili. Hupoteza kazi yake, na mara nyingi hupoteza pia imani kwamba bado anafaa kitu mbele ya watu. Ndivyo yalivyomkuta Josef Sudek, kijana wa Kicheki, mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka ishirini tu. Hata hivyo, alipofariki dunia miaka sitini baadaye, alikuwa amekwisha hesabiwa miongoni mwa wapiga picha wakubwa wa Ulaya. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ilitokana na picha za miti, mashamba, bustani na misitu, alizozipiga mwaka hadi mwaka, katika majira yote, kwa mkono mmoja.

Tumezoea kusema kwamba mtu wa namna hiyo ameushinda ulemavu wake. Lakini maisha ya Sudek yanatufundisha jambo jingine. Yeye hakushindana na mkono uliopotea. Aliufuata mwendo ambao mkono uliobaki uliuweza, na mwendo huo wa taratibu ndio uliomfundisha kuona yale ambayo wenye haraka huyapita.

AJERUHIWA VITANI

Sudek alizaliwa Machi 17, 1896, katika mji wa Kolín, kando ya mto Elbe, katika nchi ya Bohemia ambayo wakati huo ilitawaliwa na Dola ya Austria na Hungaria. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alipokua alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, kazi ambayo hudai mikono miwili: mmoja ushike kurasa, na mwingine ushone, upake gundi na kukata ngozi. Wakati huo huo alianza kupiga picha kwa kujifurahisha tu.

Mwaka 1915 aliitwa jeshini, akapelekwa kupigana katika mpaka wa Italia. Huko alijeruhiwa mkono wa kulia, na madaktari wakalazimika kuukata kutoka begani. Alipotoka katika hospitali za wanajeshi, kazi ya vitabu ilikuwa haiwezekani tena. Kilichobaki ni kamera, pamoja na pensheni ya ulemavu iliyomwezesha kuishi huku akijifunza. Mwaka 1922 alianza masomo ya upigaji picha mjini Prague. Katika miaka hiyo alikuwa akiwapiga picha majeruhi wenzake katika nyumba ya askari walemavu mjini humo. Hakuyaelekeza macho ya mtazamaji kwenye majeraha. Aliwaonyesha watu wakiwa wametulia, wamezungukwa na mwanga unaoingia dirishani.

ARUDI KULE ALIKOUMIA

Mwaka 1926 marafiki zake wa okestra kubwa ya Prague walikuwa wakisafiri kwenda Italia kupiga muziki, naye akafuatana nao. Siku moja aliwaacha bila ya kuaga. Alitangatanga mashambani mpaka akapata mahali pale alipojeruhiwa miaka kumi kabla. Pahali alipaona, mkono, bila shaka, hakuuona. Alirudi Prague baada ya kiasi cha miezi miwili, na tangu hapo hakutaka tena kusafiri nchi za mbali.

Mtu aweza kuisikia habari hii akadhani ni ya kukata tamaa. La hasha! Ulikuwa ndio mwisho wa kutafuta kilichopotea. Kuanzia mwaka uliofuata Sudek aliishi na kufanya kazi katika kibanda cha mbao ndani ya ua, katika mtaa mmoja wa zamani wa Prague, pamoja na umbu lake Božena aliyemsaidia kwa miaka mingi. Kutoka hapo alitembea kwa miguu kwenda kwenye bustani na viunga vya matunda vya mlima Petřín. Aliirudia njia ile ile wakati wa theluji, wakati wa maua, wakati wa jua kali na wakati majani yanapopukutika.

ACHAGUA MZIGO MZITO ZAIDI

Mtu mwenye mkono mmoja angetegemewa kuchagua kamera ndogo na nyepesi. Sudek alifanya kinyume. Mwaka 1940 aliona picha kubwa ya sanamu iliyochapwa kwa kuilaza filamu moja kwa moja juu ya karatasi, bila ya kuikuza. Alivutiwa mno na namna kila chembe ya jiwe ilivyoonekana, akaamua kutokuza picha tena. Basi, kwa kuwa picha iliyochapwa hivyo huwa na ukubwa ule ule wa filamu, aliyetaka picha kubwa ilimbidi abebe kamera kubwa. Sudek akaanza kutembea na makamera ya mbao na stendi ya miguu mitatu begani, mzigo ambao ungemchosha hata mwenye mikono yote miwili.

Kazi ya namna hiyo haikubali pupa. Ilimpasa aisimamishe stendi, afunge kamera, ajifunike kitambaa cheusi, kisha atie filamu, yote kwa mkono wa kushoto. Asingeweza kupiga picha kumi akitumaini kwamba moja itafaa. Alisubiri ukungu upungue, au jua lishuke kiasi anachokitaka, ndipo akafungua lenzi. Na kama mwanga ulikataa, alirudi siku nyingine, au mwaka mwingine.

Wajerumani walipoikalia nchi yake kuanzia mwaka 1939 hadi 1945, kutembea nje na kamera kubwa lilikuwa jambo la kutiliwa shaka. Sudek aliigeuza kamera ikaelekea dirisha la kibanda chake. Uani palikuwa na mti mmoja uliopinda. Kwa miaka kumi na minne, kutoka 1940 hadi 1954, alizipiga picha za dirisha lile: kioo chenye umande, kioo chenye barafu, matone ya mvua, na mti ule ukiwa mtupu, kisha umechipua, kisha umefunikwa theluji. Majira yalimfuata mlangoni alipozuiwa kuyafuata shambani.

MSITU NA MACHIMBO

Baada ya vita alitoka tena. Katika milima ya Beskydy, mashariki ya nchi, upo msitu wa asili uitwao Mionší, ambao ulifanywa hifadhi mwaka 1954. Sudek aliurudia kwa miaka mingi. Aliipiga picha miti mizee iliyokauka na kuvunjika, akaiita sanamu zilizotoweka. Aidha, kati ya mwaka 1957 na 1962 alikwenda kaskazini ya Bohemia, ambako ardhi ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya makaa ya mawe, akaipiga picha kwa kamera kuukuu ya Kodak inayotoa picha ndefu za mlalo. Kwake yeye, ardhi iliyojeruhiwa ilistahili kutazamwa kwa makini sawa na bustani yenye maua.

Mwaka 1961 serikali ya Chekoslovakia ilimpa cheo cha heshima cha msanii. Alifariki Septemba 15, 1976, akiwa na umri wa miaka themanini.

Ndugu msomaji, katika jamaa zetu wapo walioumia kazini, barabarani au vitani. Mara nyingi, kwa huruma, tunawaondolea kila kazi, tukidhani tunawapumzisha. Huruma hiyo ina madhara yake. Sudek alisaidiwa na pensheni, na umbu lake, na marafiki. Lakini hakuna aliyemnyang'anya mzigo wake begani. Walimwacha aende kwa mwendo wake, akachelewa, akarudi. Anayetaka kumfaa jamaa yake aliyeumia na amuulize kwanza ni kazi gani angependa kuifanya, kisha ampe muda wa kuifanya polepole.