Kabla ya Kununua Kwodi: Ijaribu Kwenye Mchanga Wako (Sehemu ya Tatu)

Tangu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, itoe rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari mwaka 2025, gumzo la barazani kwetu Msambweni ni hilo hilo. Rasimu inataka hata gari la mtu binafsi, likishapita miaka 4 tangu liundwe, lipelekwe kukaguliwa, na wenye magari makuukuu wamekosa usingizi. Mimi nimefurahi, ila furaha yangu ina kasoro. Serikali inakagua chombo kilichokwisha kununuliwa. Ukaguzi niupendao, ambao nimeupigia kelele tangu nikifundisha jiografia, ni ule anaoufanya mnunuzi mwenyewe fedha zikiwa bado mfukoni.

Swali limeletwa na msomaji mwenye shamba la minazi upande wa Kinondo. Anataka pikipiki ya magurudumu manne, hii ambayo vijana wa Diani huiita kwodi, imtolee nazi shambani hadi barabarani. Muuzaji amemwambia aende akaijaribu. Ajaribu nini hasa? Katika makala ya kwanza nilieleza jinsi Honda walivyoanza na ya magurudumu matatu mwaka 1970, na jinsi biashara hiyo ilivyokomeshwa Marekani mwaka 1988 baada ya watu wengi kupinduka nazo. Katika ya pili tuliifungua injini tukautazama mkanda unaopeleka nguvu yake magurudumuni. Sirudii. Leo tunapanda.

Kosa la kwanza huwa mahali pa kujaribia. Muuzaji atakupa ufunguo, atakuonyesha kipande cha lami mbele ya duka, utakwenda na kurudi meno yote nje. Lami haikwambii kitu. Kwodi nyingi ekseli yao ya nyuma ni chuma kimoja, kwa hiyo magurudumu mawili ya nyuma huzunguka sawasawa hata kwenye kona, pahali ambapo la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Penye mchanga moja huteleza kidogo na mambo yakaisha. Penye lami linang'ang'ania, na usukani unakuwa mzito mkononi. Kuilaumu kwodi kwa uzito huo ni kama kuilaumu ngalawa kwamba haipandi mlima.

Nasi watu wa Kwale tumejaliwa uwanja wa majaribio ambao matajiri wa viwanda wangeulipia. P. V. Caswell aliuchora katika ripoti yake ya jiolojia ya Mombasa na Kwale, iliyochapishwa mwaka 1953. Nakala yangu mchwa wamekwisha kula pembe mbili, na bado siiazimi mtu. Anza ufukweni Diani penye mchanga mweupe laini. Panda hatua chache, uko juu ya mwamba wa matumbawe, wenye ncha kama msumeno chini ya udongo mwembamba. Endelea bara, unaingia mchanga mwekundu wa Magarini. Ndugu yake wa karibu ndiye aliyechimbwa na Base Titanium huko Maumba na Nguluku kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, kwa ajili ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Kisha vilima vya Shimba na mawe yake magumu ya mchanga, na nyuma yake Kinango, ambako kiangazi ni vumbi na masika ni gundi. Asubuhi moja inatosha kuvipita vyote. Wanafunzi wangu waliufanya mwendo huo kwa miguu na lori la shule, na wako ambao mpaka leo hawajanisamehe.

Nitie neno hapo kwenye ufukwe: usijaribie huko. Kasa hupanda usiku kutaga mayai, na tairi likipita juu ya kiota hakuna wa kukushtaki ila dhamiri yako. Mbele ya mchanga huo ni hifadhi ya bahari ya Diani na Chale, iliyotangazwa mwaka 1995, na kijana anayekodisha kwodi kwa mgeni ajivinjari ufukweni anajua vizuri anachokifanya.

Turudi. Udongo ndio unaopanga upepo wa tairi. Tairi la gari dogo hutiwa kama pauni 30. La kwodi mara nyingi ni kati ya 4 na 7 tu, lipate kutandaza unyayo kama wa ngamia. Dukani wengi hulipuliza mpaka likawa gumu kama dafu, kwa sababu likiwa gumu linapendeza macho. Ukipanda hivyo mchangani linachimba shimo, nawe utasema injini haina nguvu. Ukilegeza mno, ncha ya mwamba inalikata ubavuni. Msomaji wetu wa Kinondo ana vyote viwili shambani mwake, mchanga na mwamba, kwa hiyo aulize unene wa ubavu wa tairi kabla ya kuuliza rangi. Na aende na kipimo cha upepo kinachosoma namba ndogo; cha gari hakitamfaa.

Hapa sina budi kumtaja Joginder Singh, na wanaonijua walikuwa wakimngoja. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, mwaka ule ule wa ripoti ya Caswell, kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza. Baadaye zikawekwa Pasaka, mvua za masika zinapoanza. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, 7 tu yakafika. Mwaka 1968 waliofika walikuwa 7 tena, na mara zote mbili washindi ni wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Mnashangaa kwa nini wazee wetu waliipenda Peugeot? Walikuwa wameiona ikitoka matopeni. Viwanda vya Ulaya na Japani vilileta magari yavunjikie hapa kwanza, ndipo vikauze kwingine. Datsun walishinda mwaka 1970, na baada ya hapo nani hakumjua Datsun?

Lakini aliye mfano wangu ni Joginder. Mwaka 1965 alishinda na nduguye Jaswant ndani ya Volvo PV544 ya mtumba, gari lililokwisha kukimbizwa na wenye kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia bila mafanikio. Wengine waliliona gari lililoshindwa. Yeye alikuwa fundi, mtoto wa fundi, na macho yake yaliona chuma kizima ndani ya bati lililochoka. Hakuwa na pupa ya kitu kipya. Siku hizi kijana anachukua mkopo wa pikipiki kwa sababu ya stika zilizobandikwa kwenye tangi, na mkopo ukimshinda anasema amelogwa! Nami nisijitakase. Mwaka niliostaafu nilinunua chombo kwa muuzaji nisiyemtaja, baada ya kukizungusha mara mbili juu ya lami. Siku ya tatu, mchangani Mwabungo, mkanda ulianza kunuka kama ugali ulioungua. Nilikisukuma hadi barabarani huku watoto wakihesabu hatua zangu kwa sauti.

Nafasi imenibana, basi niyaseme upesi. Ufike bila kutanguliza simu, uiguse injini kwa kiganja. Ikiwa moto, imewashwa kabla hujafika, nawe unataka kuona inavyowaka ikiwa baridi. Iende shambani kwako, ipakiwe nazi kwa uzito ule utakaobebwa kila siku, usizidi ule ulioandikwa kwenye kibao cha chombo. Mchangani tumia gia nzito tangu mwanzo, maana gia nyepesi kwa mwendo wa polepole ndiyo inayochoma mkanda. Teremka mlima ukiachia mafuta, usikie kama injini inaizuia, kisha jaribu breki ukiwa na mzigo. Rudi nyuma nayo penye minazi iliyosongamana. Miguu ikae juu ya vikanyagio wakati wote, kwani anayetua mguu chini kama wa bodaboda hukanyagwa na gurudumu lake mwenyewe la nyuma. Kiti cha mmoja ni cha mmoja, hata kama shemeji anaomba lifti.

Na anayejaribu awe yule kijana wa shamba atakayeiendesha, tajiri asimame kando atazame. Muuzaji akisita kuipeleka Kinondo, mlipie mafuta na pikapu ya kuibebea. Akikataa hata hivyo, mnunuzi aage na kwenda zake. Habari ya spea na ya karatasi, In shaa Allah, wiki ijayo.