Kwa Nini Tuizuru Nchi ya Uhabeshi?

Mara nyingi sisi walimu huulizwa na wanafunzi, "Mtu aache nyumba yake na shamba lake, aende nchi ya watu, anatafuta nini?" Swali hilo ni jema, wala halifai kujibiwa kwa methali tu. Basi twalijibu kwa kuitaja nchi moja ya jirani: Ethiopia, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Sehemu kubwa ni nyanda za juu, nazo zimepasuliwa na Bonde la Ufa, lilelile lipitalo Kenya na Tanzania. Kaskazini, katika milima ya Simien, kilele cha Ras Dashen chapita mita 4,500, na baridi ya usiku ni kali. Lakini mtu akishuka upande wa mashariki hufika Danakil, bonde la jangwa lililo chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 100. Huko joto ni la kutisha, na Waafar hukata chumvi ardhini kwa mapande na kuipakia juu ya ngamia. Tena liko Ziwa Tana, litokapo Mto Abay, yaani Naili ya Buluu. Maji yake hukutana huko Khartoum na maji yatokayo Ziwa Viktoria, yakaenda Misri pamoja.

Milima hiyo imekuwa kama boma kwa wenyeji, na nyuma ya boma hilo wametunza mambo yao wenyewe. Hii ndiyo sababu iliyo kubwa ya kuizuru. Watoto wetu wengi hudhani kwamba kuandika vitabu na kujenga kwa mawe ni mambo yaliyoletwa Afrika kwa merikebu. Tukiwaambia sivyo, hutusikiliza kwa adabu, lakini mioyoni hawasadiki. Jicho husadiki upesi kuliko sikio.

Tazama maandishi yao. Herufi za Kigeezi zimetumika huko tangu zamani za wafalme wa Aksum, yapata miaka 1,600 na zaidi. Mwanafunzi wetu akitaka kuandika "ba" huandika herufi mbili. Mhabeshi huandika moja tu, na akitaka "bu" huigeuza kidogo umbo lake. Hata leo lugha ya Kiamhara huandikwa hivyo, magazetini na juu ya milango ya maduka.

Tazama na mji wa Lalibela. Yako makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba, na wenyeji husema ni kazi ya mfalme aitwaye Lalibela, aliyetawala miaka 800 hivi iliyopita. Kanisa la Mtakatifu Giyorgis lina umbo la msalaba. Mafundi hawakuanza na msingi kama waashi wetu. Walianza na paa, wakachimba kwenda chini, kisha wakachonga vyumba ndani. Mwashi akikosea tofali huliondoa, lakini aliyekosea huko hakuwa na jiwe jingine. Makanisa hayo si magofu. Watu husali humo hata sasa, na aingiaye huvua viatu.

Wala nchi hiyo si ya Wakristo peke yao. Mwaka 615, masahaba wa Mtume Muhammad walipoteswa Makka, baadhi yao walivuka bahari wakapokewa na Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Na upande wa mashariki uko mji wa Harar, mji wa Kiislamu wenye ukuta na misikiti mingi.

Lakini mgeni atokaye kwetu ataona pia mambo ya nyumbani. Akiuliza saa baada ya jua kuchomoza, ataambiwa ni saa moja, kama tuhesabuvyo sisi. Mwaka wao ndio utakaomshangaza: una miezi 12 ya siku 30, na wa 13 wenye siku 5 au 6. Atakula injera, mkate mpana laini wa nafaka ndogo iitwayo tefu, na wote huumega katika sinia moja. Kisha atapewa kahawa iliyokaangwa na kutwangwa mbele yake. Buni hiyo ya arabika, ilimwayo hata Kilimanjaro, asili yake ni misitu ya kusini-magharibi ya nchi hiyo.

Hatupendi kuwaficha jambo. Vita vikali vilipiganwa jimbo la Tigray tangu 2020 hata 2022, na tangu 2023 kumekuwa na mapigano katika jimbo la Amhara, ambamo mna Lalibela. Basi atakaye kusafiri na aulize kwanza habari za njia, wala asione haya kungoja.

Je, msafiri anatafuta nini? Anatafuta ushahidi wa kuwapelekea watoto wake. Na asiye na nauli asikate tamaa. Afungue ramani usiku wa leo, aweke kidole juu ya Ziwa Viktoria, afuate mto mpaka Khartoum, kisha apande na Abay mpaka Tana. Ataona kwamba njia ya kwenda huko imeanzia kwetu.